Je, kalisiamu hupunguza unene?

Mama, ukinywa maziwa au ukila dagaa na mifupa yake, kalisiamu, madini yanayojenga mifupa, hushikana tumboni na sehemu ya mafuta uliyokula. Mafuta hayo hutoka na choo. Lakini ni kidogo: kalisiamu ya vikombe vinne hivi vya maziwa hutoa takribani gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Na hapa Dutwa mboga tunaitia vijiko vingapi?

Usinunue vidonge vya kalisiamu ili upungue. Mjamzito aliyepewa kliniki kuzuia kifafa cha mimba aendelee navyo, ila asivimeze pamoja na vya kuongeza damu.

Mtoto aliyetimiza mwaka akikonda, usimnyime maziwa; mlete apimwe.