Kusi, kaskazi na mkondo unaochukua mashua zetu

Julai moja, miaka ya nyuma, mashine ya mashua ya mjomba wangu ilizima jioni nje ya Watamu. Alfajiri vijana wakatoka kumtafuta pale pale alipotega nyavu. Mzee mmoja akawaambia wanamaliza mafuta bure, waende Ngomeni. Kabla ya adhuhuri wakamwona huko, amechoka lakini mzima. Wakati ule nilidhani ni uganga. Kumbe ni hesabu.

Mkondo si maji kujaa na kupwa. Bamvua na maji mafu hufuata mwezi. Mkondo ni kama mto ndani ya bahari, na wa kwetu unaendeshwa na jua na upepo. Kuanzia Juni jua huichoma bara ya Asia, hewa ya huko hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kujaza pengo. Ndiyo kusi hiyo. Kwa vile dunia inajizungusha, upepo huu hupinda: kwetu hutoka kusini-mashariki, ukishavuka ikweta huelekea India. Ifikapo Desemba Asia imepoa kuliko bahari, na kaskazi huvuma.

Upepo husukuma maji ya juu. Yale yanayosukumwa magharibi kuvuka Bahari Hindi hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, hugonga Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha hugawanyika. Tawi moja huteremka kusini, jingine hupanda kwetu.

Hapa wengi wetu hukosea. Tunasema kaskazi ikivuma maji yote hushuka. La. Mombasa, hata Januari, mkondo kwa kawaida bado unakwenda kaskazini, ila umelegea. Unaogeuka ni mkondo wa Somalia. Huo hushuka, hukutana na wetu upande wa juu wa pwani ya Kenya, na yote miwili hukata mashariki kuingia bahari kuu. Kuzimikiwa na mashine hapo naogopa zaidi kuliko kusi yenyewe, maana hupelekwi pwani ya mtu.

Wakati wa kusi mikondo hiyo huungana kwenda juu, na Somalia hupita mita 2 kwa sekunde. Upepo wa huko pia huondoa maji ya juu ufukweni, ya chini yakapanda, baridi na yenye chakula cha samaki.

Turudi kwa mjomba. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa. Usiku mzima, muda wa saa 12, ni zaidi ya kilomita 40. Watamu hadi Ngomeni ni kama hapo.

Bandarini kwetu, daftari la waliopotea lina jina la mtu na namba ya mashua tu. Nimeomba iongezwe safu ya saa mashine ilipozima na mahali. Bado nangoja.