Unyoya, Tete na Jina la Karani Tamba

Katika nyika za Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 na makao yake makuu yakawa Bariadi, hasa upande unaopakana na Serengeti, huishi ndege mwenye miguu mirefu ambaye huua nyoka kwa mateke. Kwa Kiswahili huitwa karani tamba. Yaelekea neno la kwanza la jina hilo ni tafsiri ya jina la Kizungu, lenye maana ya katibu, na ndani ya tafsiri hiyo imejificha sitiari ya manyoya ambayo Kiswahili hakikuwa nayo.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kishungi cha ndege huyo chafanana na kalamu za manyoya ambazo makarani wa Ulaya walizichomeka nyuma ya sikio. Kwa Mwingereza, kalamu na unyoya ni ndugu: neno lake pen latokana na penna la Kilatini, yaani unyoya. Kalamu ya Mswahili ni ya ukoo mwingine. Ilikopwa kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni kalamos la Kigiriki, yaani tete. Unyoya wenyewe ni neno la Kibantu, jamaa ya ekyoya la Kiganda, na haukupata kuingia ofisini.

Mkulima wa Usukuma alimjua karani kwa mizani. Manung'uniko juu ya uzito wa pamba ulioandikwa magulioni yalichangia kuzaliwa kwa vyama vya ushirika, vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Karani wa namna hiyo hakuwa na unyoya sikioni.

Hata huko Ulaya sitiari hiyo ina mashaka. Mwaka 1769 Mholanzi Arnout Vosmaer aliandika kuwa walowezi wa Rasi ya Tumaini Jema walimwita ndege huyo Sagittarius, yaani mpiga upinde, kwa sababu ya mwendo wake. Wengine walimwita Secretarius, jina ambalo Vosmaer alilidhania kuwa ni lile la kwanza lililoharibiwa na matamshi. Mwaka 2018 Ian Glenn alitoa hoja ya kinyume. Iwapo Vosmaer alisema kweli, kalamu ya manyoya ilibuniwa baadaye ili kueleza kosa la masikio.

Linabaki neno tamba, yaani kutembea kwa maringo. Hilo halina habari na manyoya. Lamtazama ndege miguuni, pale pale walipomtazama wale waliomwita mpiga upinde.