Daftari Lililo Nyuma ya Leseni

Leseni ya udereva, ambayo leo yaingia katika simu, ilianza Uingereza ikikaribia kuwa stakabadhi ya malipo tu; maana sheria ya 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, haikumtaka dereva athibitishe kwamba anajua kuendesha gari, bali ilimtaka alipe shilingi tano kwa halmashauri ya jimbo lake, jina lake liandikwe daftarini, naye apewe karatasi ya kuhuishwa kila mwaka. Mtihani wa lazima haukuja illa mwaka 1935, baada ya barabara za nchi ile kuua watu zaidi ya 7,000 katika mwaka mmoja uliotangulia.

Aghalabu historia hii ya leseni husimuliwa kwa kutazama vyeti, ilhali kwa rai yangu kiini chake ni daftari. Muda wa miaka ipatayo sabini kila halmashauri ilishika daftari lake, na kuyalinganisha madaftari hayo kulitaka barua na subira. Hata yalipokusanywa mjini Swansea katika miaka ya 1970 na kutiwa katika kompyuta, hapo ndipo, kwa hakika, leseni ya kidijitali ilipozaliwa, ingawa madereva waliendelea kuchukua karatasi. Kadi yenye picha ilikuja 1998, pamoja na karatasi ya kuandikia makosa. Na karatasi hiyo nayo ikafutwa 2015.

Kenya, iliyorithi utaratibu huo wa Kiingereza, ilidumu na kijitabu chekundu hata mwaka 2017, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani ilipoanza kutoa kadi yenye chipu. Mwaka uliofuata jimbo la Louisiana, Marekani, liliwaruhusu madereva wake kuonyesha leseni katika simu; na 2019 zikafuata Norway na New South Wales ya Australia.

Kanuni ya kimataifa ya leseni za simu iliyotolewa 2021 yastahili sifa, kwani yamwezesha dereva kuthibitisha kwamba ametimiza umri fulani pasipo kutaja siku aliyozaliwa, wala kumkabidhi askari simu yake. Na muhuri wa siri uliomo katika leseni hiyo huweza kukaguliwa hata mahali pasipo na mtandao, jambo ambalo kwa msafiri wa njia ya Lodwar, kaskazini mwa Kenya, si dogo.

Walakini mwenye kijitabu alikuwa na ushahidi wake mkononi, wa kumwonyesha hakimu iwapo karani amekosea; mwenye simu huonyesha tu yale ambayo daftari limeyasema. Kwa hiyo naona ni dhuluma kumnyima dereva karatasi kabla ya kumfungulia daftari. Waingereza, walipoifuta ile karatasi ya makosa, walikuwa wamekwisha kumwekea dereva njia ya kuyasoma yaliyoandikwa juu yake, bila malipo, saa yoyote atakayo.