Kiraka Kina Historia Yake

Ramadhan ikishaingia kumi la mwisho, swali moja huulizwa karibu kila nyumba: "Na nguo za Idd je?" Mzazi anahesabu pesa, mtoto anahesabu siku. Nguo iliyotiwa kiraka, au kanzu ya kaka iliyopunguzwa, wengi wetu twaiona ni aibu kuivaa mbele za watu. Lakini je, wajua kwamba kiraka kina historia ndefu katika umma wetu? Ni historia ya heshima, na ina funzo lake pia. Hebu tuifuate pamoja.

Tuanze Madina. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Zingatia hapo, ndugu yangu, hasa wewe mwanamume usiyejua hata kutia uzi kwenye sindano.

Baadaye akaja Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliyekuwa khalifa kutoka mwaka 634 hadi 644. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Anas bin Malik (R.A.) alimwona Umar wakati huo akiwa Amirul Muuminin, na nguo yake ina viraka vitatu baina ya mabega, kimoja juu ya kingine. Huyu ndiye ambaye majeshi yake yalifungua Sham, Iraq na Misri! Kiraka hakikumpunguzia cheo hata kidogo. Nguo ilitoboka, ikazibwa, ikavaliwa. Basi.

Lakini binadamu ni binadamu. Karne zilivyopita, baadhi ya masufi walifanya nguo ya viraka, iitwayo muraqqaa, kuwa alama yao ya kuipa dunia mgongo. Wengine walikuwa wakweli. Wengine je? Mwanachuoni wa Baghdad, Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, aliwakemea katika kitabu chake Talbis Iblis wale waliokata vitambaa vizuri na kuviunga vya rangi mbalimbali ili waonekane ni mafakiri. Sasa hicho si kiraka tena, hilo ni pambo.

Mfano ulio wazi zaidi uko Sudan. Tangu mwaka 1821 nchi hiyo ilikuwa chini ya watawala wa Misri, na kodi zilikuwa nzito mno. Mwaka 1881, katika kisiwa cha Aba kwenye mto Nile Nyeupe, Muhammad Ahmad bin Abdallah alijitangaza kuwa Mahdi. Dai lake hilo si mada yetu leo; tunachotaka ni nguo yake. Aliwataka wafuasi wake, walioitwa Ansar, waache mavazi ya anasa na wavae jibba yenye viraka. Jibba hiyo ilishonwa kwa damuri, kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono huko huko Sudan. Tajiri na maskini, wa kabila hili na kabila lile, wote wakafanana. Waliochoshwa na kodi walielewa mara moja maana yake: sisi sote ni sawa.

Januari 1885 Ansar waliuteka mji wa Khartoum, na Juni mwaka huo huo Muhammad Ahmad akafariki. Akashika uongozi Khalifa Abdallahi, na jibba ikawa sare ya jeshi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Viraka vikaanza kushonwa juu ya nguo mpya kabisa isiyo na tundu hata moja: vyekundu, vyeusi, vya buluu, vimepangwa kushoto sawa na kulia. Za makamanda zikawa za kitambaa bora na mshono wa kifundi zaidi. Yaani, kiraka kilichokuja kuondoa tofauti za watu, sasa kikawa chaonyesha nani ni mkubwa!

Tarehe 2 Septemba 1898, huko Karari karibu na Omdurman, Ansar zaidi ya elfu kumi waliuawa kwa bunduki za rashasha na mizinga ya jeshi la Waingereza na Wamisri. Askari walizichukua jibba nyingi kuwa kumbukumbu, na mpaka leo nyingine ziko katika makumbusho ya Uingereza.

Twajifunza nini? Kwamba kiraka chenyewe si ucha Mungu na si aibu. Kinachopimwa ni nia ya aliyekitia. Anayevaa kiraka ili asifiwe na anayevaa hariri ili asifiwe, wote wako njia moja.

Basi turudi kwa Idd yetu. Sunna ni kuvaa nguo iliyo bora katika ulizo nazo, na bora si lazima iwe mpya. Kanzu ya baba iliyochakaa pindoni, ifumue mishono, ikate palipo pazima, upate kanzu ya mtoto. Shati lililoisha kola, fumua kola, igeuze, ishone tena. Leso iliyobaki nzima pembeni yatoa foronya. Hata vile vipande anavyobaki navyo fundi wa cherehani, viunge viwili vitatu, vyatoa gauni la msichana mdogo. Nguo ya mtumba kutoka Kongowea au Gikomba nayo yaweza kupunguzwa ikakaa sawa mwilini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usimtie mzazi wako kwenye deni kwa ajili ya siku moja. Zakatul-fitri ni wajibu, nguo mpya si wajibu. Chukua sindano leo, usingoje mkesha wa Idd, kwa sababu siku hiyo fundi hata salamu haitiki!

Allah atutakabalie saumu zetu. Idd Mubarak.