Nukta Nyekundu

Siku moja nilizolewa kwenye msako. Sikuwa nimeiba hata sindano. Kosa langu lilikuwa kusimama kijiweni. "Hapa ni kwa wezi," askari alisema, basi, tukapakiwa kwenye karandinga. Tangu hapo najiuliza: hivi mahali paweza kuwa na hatia?

Kumbe swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1829 mwanasheria Mfaransa, André-Michel Guerry, akishirikiana na mwanajiografia Adriano Balbi, alichapisha ramani za Ufaransa zilizoonyesha uhalifu na elimu, mkoa kwa mkoa. Wakubwa wa zama zile waliamini kwamba mjinga ndiye mwizi. Ramani zikawaumbua: kaskazini-mashariki, kwenye wasomi wengi, ndiko wizi wa mali ulikozidi.

Karne moja na nusu baadaye, New York, alikuwapo luteni wa polisi wa treni za chini ya ardhi, Jack Maple. Jamaa alitandaza ukutani ramani ya futi 55, kila kituo kimo, akatia alama kwa krayoni kila palipotokea uporaji. Mwaka 1994 kamishna William Bratton akampandisha cheo, na kazi ya krayoni ikazaa CompStat, ikahamia kwenye kompyuta. Wakuu wa vituo wakawa wanaitwa mbele ya ramani na kubanwa: mbona hapa pamezidi? Umefanya nini?

Mwaka 1990 jiji lile lilizika zaidi ya watu 2,200 waliouawa. Mwaka 1998 hawakufika 700. Lakini tusishangilie mapema, msomaji mwenzangu. Uhalifu ulishuka hata katika miji isiyokuwa na CompStat. Tena, mwaka 2011 polisi wa New York walisimamisha watu mara zaidi ya 680,000, wengi wao vijana weusi na Walatino. Karibu tisa katika kila kumi waliachiwa, hawana kosa. Mwaka 2013 jaji akaamua kuwa namna ile ya kusimamisha watu ilivunja katiba.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Nukta nyekundu husema *wapi*, haisemi *nani*. Yule askari wetu hakuwa hata na nukta. Alikuwa na uvumi tu. Siku wakija kuichora ramani ya mtaa wetu, nitawaomba kitu kimoja: waitie alama na ile taa ya uchochoroni iliyokufa. Huenda tukawasha taa kabla ya kuleta karandinga.