Mwanga na Hofu Iliyo Ndani Yetu

Kila mwaka, Juni 3, twawakumbuka mashahidi wa Uganda. Majina yao twayataja kwa heshima. Jina la Kabaka Mwanga twalitaja kwa kutikisa kichwa. Lakini leo na tumtazame Mwanga mwenyewe, maana adui naye aweza kutufundisha.

Mwanga alirithi kiti cha baba yake Mutesa mwaka 1884, kijana asiyefika miaka ishirini. Mwaka uliofuata akasikia kwamba Wajerumani wananyakua nchi huko pwani. Tena palikuwa na maneno ya zamani kwamba watakaoiteka Buganda watatokea mashariki. Ndipo Askofu James Hannington, aliyetoka pwani na kupita nchi ya Wamasai, akafika Busoga, upande uleule wa mashariki. Kwa amri ya Mwanga akauawa Oktoba 29, 1885. Mwaka 1886 vijana wa jumba la mfalme, Waanglikana na Wakatoliki, wakachomwa moto pamoja huko Namugongo.

Hofu ya Mwanga haikuwa ya bure, kwani mwaka 1894 Waingereza waliitia Buganda chini ya himaya yao. Dhambi yake ni kwamba hofu hiyo aliwatwisha wasio na hatia. Mwenye hofu akipewa upanga, huua hata asiyemdhuru.

Je, sisi tu wema kuliko yeye? Januari 1892, hata miaka sita haijatimia tangu moto wa Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana kwa bunduki pale Mengo. Ndugu za wale waliokufa katika moto mmoja wakauana wao kwa wao! Kila upande uliogopa mwenzake asije akaitwaa nchi. Ilikuwa hofu ileile ya Mwanga, safari hii imeshika Biblia.

Naye Mwanga aliondolewa na Waingereza, akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko akabatizwa, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903. Sisi tulikwisha kumfungia mlango, Bwana hakuufunga.

Wapendwa, ni nani tunayemwogopa leo? Huenda ni jirani wa kabila jingine, au kijana mwenye kipawa ambaye sisi wazee wa kanisa hatutaki asimame. Kabla hatujamwita adui, tuiulize mioyo yetu inaogopa kupoteza nini.

Tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe hofu yetu kabla haijashika upanga. Amina.