Kutoka Kusomeana Rasimu hadi Kuandika Kimya: Mabadiliko ya Vikundi vya Uandishi vya Wanataaluma, 1973–2020

Historia ya vikundi vya uandishi vya wanataaluma mtandaoni ni rahisi kuisimulia kana kwamba ilianza mwaka 2020, wakati janga la UVIKO-19 lilipofunga maktaba za vyuo vikuu na kuwahamishia watafiti kwenye mikutano ya video. Masimulizi ya namna hiyo huficha badiliko kubwa zaidi lililotangulia. Hoja ya sehemu hii ni kwamba vikundi vilihamia mtandaoni bila taabu kwa kuwa vingi vilikuwa vimekwisha kuiacha kazi yao ya awali, yaani kusomeana rasimu na kukosoana.

Anne Ruggles Gere (1987) anaifuatilia mizizi ya vikundi vya uandishi nchini Marekani hadi kwenye jumuiya za fasihi za wanafunzi wa vyuo katika karne ya 18. Humo mwanachama alisoma kazi yake, na wenzake wakaijadili. Peter Elbow (1973) aliuendeleza utaratibu wa kusomeana kwa sauti, ingawa aliwataka wasikilizaji waeleze kilichowapata walipokuwa wakisikiliza badala ya kutoa hukumu. Kwa vyovyote vile, bila rasimu hapakuwa na kikao.

Mwelekeo mwingine uliimarika kutokana na tafiti za Robert Boice. Katika utafiti wake wa mwaka 1989, wahadhiri walioendelea na mazoea yao waliandika wastani wa kurasa 17 kwa mwaka. Walioandika kila siku na kuweka kumbukumbu walifikisha 64. Na waliofanya hivyo huku wakiwajibika kwa mtu mwingine walifikisha 157. Takwimu hizo zilinukuliwa mno, pengine kuliko udogo wa sampuli yake ulivyostahili, na Helen Sword (2016) amelihoji sharti la kuandika kila siku. Hata hivyo, athari yake haikufutika: mwenzake mwandishi aligeuka kutoka msomaji kuwa shahidi. Jambo lililopimwa lilikuwa idadi ya kurasa, si uzito wa hoja.

Nchini Scotland, Rowena Murray aliandaa makambi ya uandishi ambamo washiriki wote huandika katika chumba kimoja kwa vipindi vilivyopangwa. Huko San Francisco, mwaka 2007, Rennie Saunders alianzisha mikutano ya Shut Up & Write, yaani “nyamaza uandike”, ambayo haikuwa ya wanataaluma pekee. Inger Mewburn, wakati huo akiwa RMIT, Melbourne, aliueneza mtindo huo miongoni mwa wanafunzi wa uzamivu. Mwaka 2011 Charlotte Frost alianzisha AcWriMo, mwezi wa uandishi wa kitaaluma, ambapo washiriki hutangaza malengo yao hadharani mtandaoni. Kufikia hapo, kikao kilihitaji saa na ahadi tu. Mwaka 2020 kilichobadilika ni chumba.

Haifai kuibeza faida ya ukimya huo. Mhadhiri mwenye mzigo wa kufundisha, au mama anayelea, hupata saa mbili ambazo asingezipata peke yake; naye mwanafunzi aliye mbali na chuo chake hupata wenzake. Lakini ukimya una gharama, na gharama hiyo haiwaangukii wote kwa usawa. Mwandishi wa tasnifu ya Kiswahili, awe Dar es Salaam au Bayreuth, anaweza kujiunga na kikundi kinachoendeshwa kwa Kiingereza na kuandika bila lugha yake kuwa kizuizi, kwa kuwa hakuna anayeisoma. Kwa sababu hiyohiyo, hakuna mwenzake atakayemwuliza kwa nini ametohoa istilahi ilhali ipo iliyokwisha kusanifiwa, au kwa nini sentensi yake imefuata muundo wa Kiingereza. Maswali hayo humsubiri msimamizi, na msimamizi asipoyauliza, huulizwa na watahini.